Wakaguzi wakija shuleni, sisi wazazi tunaulizwa na nani?

MamaDarasaLaTano

Wanajamvi, habari za leo. Jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima, nimeona nilitue hapa kwa kuwa najua humu kuna walimu, kuna waliokuwa wakaguzi na kuna wazazi wenzangu.

Jumanne jioni mwanangu alirudi na ujumbe wa mdomo: kesho kila mtu aje na sare iliyopigwa pasi, soksi nyeupe, fagio la chelewa na kidumu cha maji. Hapo hapo nikajua kuna ugeni. Asubuhi nikampeleka mwenyewe. Choo kipya cha wasichana, ambacho sisi wazazi tulisomba mchanga na kuchangia tofali, kina kufuli tangu Machi kwa maelezo kwamba watoto watakiharibu. Jumatano ile kufuli halikuwepo. Mlangoni ipo ndoo ya koki imejaa maji, na kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa, maandishi yake bado yanasomeka. Ijumaa nilipopita kufuli lilikuwa limerudi na ndoo haipo.

Ninapoandika hapa daftari lake la Hisabati liko mapajani mwangu. 7 × 8 = 54, alama ya vema. Mstari unaofuata, 9 × 6 = 56, vema. Ukurasa mzima una maswali kumi na vema kumi, na mimi niliyeishia darasa la saba nimehesabu makosa sita. Mwanangu anaamini amepata yote. Nikimsahihisha analia, ananiambia, "Mbona mwalimu ameweka vema?" Siku ya ugeni madaftari yaliyokusanywa ni ya watoto waliochaguliwa. La kwangu lilibaki kwenye mkoba.

Na wazazi? Nimeulizia nani aliongea na wageni. Ni mwenyekiti wa kamati ya shule, mjumbe mmoja, na mama anayeuza maandazi pale shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Simlaumu yule mama, ana watoto watatu wa kulisha. Ila angesema nini pale, amekalishwa kwenye kiti cha ofisini, na mwenye ruhusa yake anapitapita mlangoni?

Sitaki kumfundisha mwalimu kazi. Ninachotaka ni kwamba anayekuja kuikagua shule anisikie na mimi, nisichaguliwe na anayekaguliwa, na alichoandika kirudi kwetu tusomewe. Haki hiyo ipo au naota?

Kengele_Ya_Saa_Nne

Hauko peke yako dada. Huku kwetu madawati yaliazimwa shule ya jirani, yakaja usiku kwa trekta, na kesho yake jioni yakarudishwa. Watoto wetu walikalia dawati siku moja. Nafuatilia majibu.

Mstaafu_Ukaguzi

Mama, umeuliza vizuri. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, nitakujibu kwa ninachokijua.

Kwenye maandishi haki ipo. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ilitupa sisi wakaguzi mamlaka ya kuingia shuleni, na kwa muda mrefu ukaguzi ulikuwa baina yetu na mwalimu: andalio la somo, azimio la kazi, daftari la mahudhurio. Mzazi hakuwemo. Baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 tukabadilishwa jina, tukaitwa wathibiti ubora wa shule, na mwaka 2017 wizara ikatoa kiunzi kipya cha kazi. Kiunzi kile kina maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa watoto, na la sita ni ushirikishwaji wa jamii. Kwa hiyo kumsikiliza mzazi si hisani ya mkaguzi, ni sehemu ya kazi anayolipwa. Na matokeo yalikusudiwa yaifikie jamii kwa lugha inayoeleweka, siyo yaishie kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Sasa nikueleze inavyokuwa. Timu ina gari moja, shule nyingi na mafuta ya kubana. Mnafika, mnasaini kitabu cha wageni, mnaketi ofisini, mnamwambia mwalimu mkuu, "Tuitie wazazi wachache." Atamwita nani? Wale wenye namba kwenye simu yake. Mara nyingine hana hila yoyote, ndio walio karibu. Lakini tunda lake ni hilo uliloliona.

Mimi nilibadilishwa na bibi mmoja. Siku hiyo niliwahi, kengele ya asubuhi haijagongwa, nikasimama chini ya mwembe nje ya uwanja wa shule. Bibi akawa anamleta mjukuu wa darasa la tatu. Nikamwamkia, nikamuuliza tu, "Shule inaendaje hapa?" Akasema, "Huyu kuchota maji anajua sana." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Alichukua mkono wa mtoto, akaufungua kiganja, akanionyesha malengelenge. Kumbe kila siku kipindi cha pili na cha tatu darasa lile lilikuwa linapelekwa bombani kujaza mapipa ya nyumba za walimu. Daftari la mahudhurio lilionyesha wote wapo. Andalio la somo lilikuwepo, kwa mwandiko mzuri kabisa. Ningeanzia ofisini ningeandika "inaridhisha" na kuondoka na dhamiri safi. Tangu siku ile sikuwahi tena kuanzia kazi ofisini.

MwalimuWaZamu

Shikamoo mzee wangu Mstaafu. Dada, nakushukuru umeandika bila matusi, maana nyuzi nyingi zinazohusu walimu tunatukanwa tu. Naomba na mimi nisikike.

Darasa langu lina watoto 118. Nikikusanya madaftari ya Hisabati yenye maswali kumi, ni majibu 1,180 kwa somo moja la siku moja, na nina vipindi sita. Sitetei vema juu ya jibu lisilo sahihi. Mtoto amedhulumiwa pale, na kama ni mimi niliyeiweka ningekuomba radhi. Ninachosema ni kwamba mkaguzi akiambiwa na mzazi "mwalimu hasahihishi", akaandika hivyo bila kuandika 118, barua ya karipio itakuja kwangu na watoto watabaki 118.

La pili: tukiitisha kikao, kati ya kaya zaidi ya 400 wanakuja 37. Na kati ya hao 37 yupo ambaye ana lake, mwanawe aliadhibiwa kwa kuchelewa, au tuligombana gulioni. Nani atachuja ya kweli na ya kinyongo?

MamaDarasaLaTano

Mwalimu, hiyo 118 nataka iandikwe, na niko tayari kuisema mimi. Mwalimu mkuu anaogopa kuonekana mlalamishi kwa wakubwa zake, wewe unaogopa barua. Mimi sina mwajiri pale. Nani mwingine atamwambia mkaguzi kwamba watoto wanabanana wanne kwenye dawati la wawili?

Kuhusu vikao, cha mwisho kwetu kiliitwa Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne mimi niko sokoni nimepanga nyanya. Ajenda zilikuwa tatu: mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa mitihani ya majaribio. Hakuna hata moja iliyouliza watoto wanajifunza nini. Mtu ukimwita mara tano kwa ajili ya pesa, mara ya sita atampa mtoto hela apeleke, yeye abaki na biashara yake. Mniite Jumapili baada ya ibada, au jioni, na ajenda iwe daftari la mwanangu, muone kama nitakosa.

Baba_Leicester

Shikamooni wakubwa. Nipo Leicester, Uingereza, nina wawili shule ya msingi. Nimesoma uzi nikaona niwaeleze ya huku, maana wameshapita njia hii na kujikwaa mara kadhaa.

Chombo cha ukaguzi huku kinaitwa Ofsted, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 wakati wa serikali ya John Major. Sheria ile iliweka kitu ambacho ndicho dada anakililia: kabla ya ukaguzi lazima mkaguzi akutane na wazazi kwenye mkutano. Shule ilikuwa inajulishwa wiki nyingi kabla, wazazi wanaandikiwa, wanakuja, wanasema. Lakini wiki hizo hizo zilitosha shule kupaka rangi. Na walimu walichoka, kila mtu anaishi kwa hofu ya tarehe moja. Sheria ya 2005 ikaleta ukaguzi wa kushtukiza kwa taarifa ya siku chache tu, na mkutano wa wazazi ukafa, kwa sababu huwezi kuwakusanya wazazi kwa siku mbili.

Kuanzia 2011 wakaweka dodoso la mtandaoni linaloitwa Parent View. Maswali yake ni kama haya. Mtoto wako anafurahi shuleni? Anajisikia salama? Akionewa na wenzake, shule inashughulikia? Ungempendekezea mzazi mwingine shule hii? Unaweza kulijaza wakati wowote wa mwaka, si lazima wakaguzi wawe njiani, na halipiti mikononi mwa mwalimu mkuu. Shule ikishapigiwa simu kwamba wakaguzi wanakuja, inatakiwa iwatumie wazazi taarifa pamoja na kiungo. Mimi nilikipata saa tisa alasiri nikiwa kazini ghalani, nikakijaza wakati wa mapumziko.

Lakini msidhani kila kitu kimenyooka. Mama wa Kisomali anayeishi mlango wa pili ana watoto wanne shule ile ile, hakujaza. Kiingereza cha barua kilimshinda, na hakuna aliyemuuliza kwa mdomo. Sisi tunaosema Kiswahili nyumbani wengi tuko hivyo hivyo. Kwa hiyo sauti iliyofika ni ya wenye simu nzuri na lugha. Yule bibi wa kisa cha mzee Mstaafu asingefika.

Na mwalimu hapo juu ana hoja nzito. Januari 2023 Ruth Perry, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Caversham mjini Reading, alijitoa uhai akisubiri kutangazwa kwa ripoti iliyoishusha shule yake kutoka daraja la juu kabisa hadi la chini kabisa. Desemba mwaka huo uchunguzi wa kifo chake ukaamua kwamba ukaguzi ulichangia. Shule nzima ilikuwa inapewa neno moja tu. Septemba 2024 serikali ikaliondoa neno hilo kwa shule za umma, na Novemba 2025 wakaanza kutumia kadi yenye alama tofauti kwa kila eneo. Tuombe mzazi asikike, lakini tusiombe rungu.

MwalimuWaZamu

Kaka wa Leicester, nimesoma aya ya mwisho mara mbili. Mwenyezi Mungu amrehemu. Asante kwa kuileta hapa, maana huwa tunadhani mwalimu wa Ulaya hana presha.

MamaMwembeTayari

Hamjambo wenzangu. Naandika kutoka Mombasa. Kenya tunayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na ofisa wa ubora anaruhusiwa kuingia shuleni kwa taarifa au bila taarifa. Bodi ya shule ina wawakilishi sita wa wazazi waliochaguliwa, na juu ya hapo kuna chama cha wazazi. Ukisoma karatasi utasema sisi tumefika. Lakini ofisa akija anamwona mwalimu mkuu na labda mwenyekiti wa bodi. Mimi sijawahi kuulizwa.

Nitawaambia kwa nini naona hili ni suala la uhai. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha Academy kule Nyeri liliungua, tukapoteza wavulana 21. Mwaka 2001 Kyanguli, Machakos, walikuwa 67. Baada ya hapo serikali ilitoa kanuni za usalama mwaka 2008, nzuri sana: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2.

Mtoto wangu yuko bweni. Siku ya kufungua shule wazazi huruhusiwa kuingia kubeba masanduku. Nilivua leso yangu ya kiunoni, nikaishika upana wake kati ya kitanda chake na cha jirani. Leso yangu upana wake ni kama mita moja. Haikuenea hata nusu. Nikatazama dirishani, vyuma. Nikamuuliza matron, akanijibu kwamba vyuma ni vya kuzuia wezi. Nilifanya hivyo kwa dakika mbili, bila cheo na bila fomu. Kila muhula wapo mamia ya wazazi wanaoingia bwenini namna hiyo hiyo na macho yao, kisha wanatoka, na hakuna mtu langoni wa kuwauliza, "Umeona nini?"

Ada_Kila_Muhula

Naongezea kutoka upande wa shule za kulipia, maana watu wanadhani huku mzazi ni mfalme. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi kwamba basi la shule linabeba watoto watatu watatu kwenye kiti cha wawili. Wiki iliyofuata mwanangu akahamishiwa dawati la nyuma, akaondolewa kwenye kwaya, na dereva akaanza kumshusha wa mwisho. Hakuna aliyetamka neno. Muhula ulipoisha nikamhamisha. Kwa hiyo mkaguzi akinihoji, kitu cha kwanza nitakachouliza ni kama jina langu litabaki kwake. Kama halibaki, sisemi, na nina uhakika sipo peke yangu.

Halafu viboko. Huko shuleni kulikuwa na kitabu cha adhabu, nilikiona ofisini, kurasa nyeupe tupu. Mwanangu amerudi na alama mgongoni mara mbili.

Mstaafu_Ukaguzi

Ada, hilo la kitabu ndilo mfano bora kuliko yote kwenye uzi huu. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mkaguzi akikuta kurasa tupu anaweza kuandika "shule haitumii viboko". Mgongo wa mtoto unasema vingine, na aliyeuona mgongo ni yule anayemwogesha. Hapo huna jinsi ya kumkwepa mzazi.

Kuhusu jina: mkaguzi mwenye akili haandiki "mama fulani amesema". Anaandika "wazazi walieleza kuwa", kisha anakwenda kuthibitisha mwenyewe. Na hili ndilo jibu langu kwa mwalimu aliyeuliza nani atachuja. Neno la mzazi si hukumu, linamwonyesha mkaguzi pa kwenda kutazama. Bibi aliniambia maji, mimi nikaenda bombani kipindi cha pili. Ningewakuta hawapo, yangeishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Wathibiti wako chini ya Wizara ya Elimu. Shule na walimu wako chini ya halmashauri, kule TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mkaguzi anapendekeza vyoo, anapendekeza walimu, lakini mkurugenzi mwenye bajeti si mtu wake. Nimeandika pendekezo lile lile kwa shule ile ile mara tatu, kwa miaka tofauti. Mara ya nne lilitekelezwa, kwa sababu wananchi walikuwa na nakala na walimbana diwani. Ripoti ambayo mzazi hajaisoma haina mtu wa kuifuatilia.

Kengele_Ya_Saa_Nne

Mzee, hii aya ya mwisho ingefaa ibandikwe kila ofisi ya kijiji.

Mjumbe_Wa_Kamati

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, wa kuchaguliwa na wazazi, kijijini. Naeleza tulivyofanya sisi, mwenye kuona panafaa achukue.

Kwanza mjue kwamba kwenye kamati mwalimu mkuu ndiye katibu. Barua zinaingia kwake, muhtasari anaandika yeye. Asipoleta ripoti mezani, kamati nzima iko gizani na haijui kama iko gizani. Sisi tulijua kwa bahati: mjumbe mmoja aliona timu ikiondoka. Tukaandika barua kwa ofisi ya uthibiti ubora wilayani, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa mtendaji wa kijiji, tukiomba taarifa isomwe. Hatukumruka mwalimu mkuu, tulimwonyesha barua kabla. Alinuna siku mbili.

Kilichosaidia ni kuisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwenye kikao cha shule. Mkutano wa kijiji upo kila baada ya miezi mitatu, watu wamezoea, wanaume wanakuja, na mwalimu mkuu si mwenyekiti wala si katibu. Mthibiti mmoja alikuja kwa pikipiki, akasoma kwa Kiswahili chepesi.

Pale ndipo tulipoambiwa kiwango cha vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Mzee mmoja akainuka, akaomba hesabu ya shule yetu ifanywe papo hapo. Wasichana 212, matundu matatu. Watu wakanyamaza. Hakuna aliyepiga kelele wala kumtukana mtu, kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ya binti yake kichwani. Siku ile ile mkutano ukapanga zamu za kuchimba. Ripoti ilisema pia kwamba walimu ni sita wakati wanatakiwa kumi na mmoja, na hapo ndipo mwalimu mkuu alipoacha kununa, kwani kwa mara ya kwanza kijiji kizima kilikuwa kinamdai mkurugenzi walimu kwa niaba yake. Wawili walipangiwa kwetu mwaka uliofuata. Watatu bado tunawadai.

MwalimuWaZamu

Hiyo nitaipokea kwa mikono miwili. Ukaguzi ambao mwisho wake napata mwenzangu wa kugawana naye 118 ni ukaguzi ninaoutaka.

MamaDarasaLaTano

Wapendwa, nimesoma kila neno, mengine mara mbili mbili. Jana jioni tulikaa akina mama saba kwangu. Tumeandika hii, naomba mnisaidie kuinyoosha kabla sijaipeleka:

"Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule, Wilaya.
YAH: OMBI LA WAZAZI KUSIKILIZWA NA KUSOMEWA TAARIFA YA TATHMINI YA SHULE
Sisi wazazi wa wanafunzi wa shule ya msingi (jina nimelificha hapa jamvini) tunaomba mambo mawili. Kwanza, taarifa ya tathmini iliyofanyika mwezi huu isomwe kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji. Pili, mtakapokuja tena, mtenge saa moja ya kuonana na wazazi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, asubuhi wakati wa kuleta watoto au jioni wakati wa kuwachukua, na atakayependa kuja aje bila kuitwa na shule.
Mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano ni mzembe, hasahihishi madaftari, na tunaomba achukuliwe hatua.
Choo kipya cha wasichana kimefungwa kufuli tangu mwezi Machi. Kilifunguliwa siku ya ziara yenu na kufungwa tena siku mbili baadaye.
Darasa la tano lina mkondo mmoja wenye wanafunzi wengi kupita uwezo wa mwalimu mmoja."

Mstaafu_Ukaguzi

Ni barua nzuri. Rekebisha kimoja: iondoe ile aya ya mwalimu wa Hisabati. "Mzembe" ni hukumu, na hukukaa darasani ukamwona. Andika ulichokiona: "Daftari la mwanafunzi, ukurasa wa tarehe fulani, majibu sita kati ya kumi si sahihi na yote yamewekewa vema." Toa nakala ya ukurasa huo na uufunike jina la mtoto. Kisha isogeze aya ya idadi ya wanafunzi ikae juu yake, ili asomaye akutane na idadi kwanza. Mnawajua wako wangapi?

MamaDarasaLaTano

Shikamoo baba. Nimeondoa "mzembe" na nimesogeza. Idadi tumeipata kwa kuwauliza watoto wenyewe wahesabiane, ni 104. Nakala ya ukurasa nimetoa stesheneri, shilingi 100.

Mjumbe_Wa_Kamati

Dada, toa nakala mbili za barua yenyewe. Moja wagongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Na umwonyeshe mwalimu mkuu kabla, kama sisi.

MamaDarasaLaTano

Nimetoka kwake sasa hivi. Amesoma akiwa amesimama, hakuniambia nikae. Akarudia ile aya ya 104, akaniuliza nani amenipa idadi. Nikamwambia watoto. Akafungua droo, akatoa kalamu, akaandika pembeni kwa mkono wake: "109, watano hawakuwepo." Akanirudishia barua.

Kesho saa mbili nitakuwa wilayani.